Je, Wajua? Mchimba Visima wa Florida

Je, wajua kwamba barani Afrika hakuna hata aligeta mmoja wa asili? Duniani wamebaki wa aina mbili tu: mkubwa wa kusini-mashariki mwa Marekani, ambaye ndiye mgeni wetu leo, na mdogo wa China, katika bonde la mto Yangtze. Yule wa Rufiji, Mara na Ziwa Turkana ni mamba wa Nile, jamaa yake wa mbali. Ukitaka kuwatofautisha, tazama kinywa kikiwa kimefungwa. Aligeta ana pua pana iliyoviringana kwa mbele, na meno yake ya chini hufichika yote. Mamba ana pua nyembamba zaidi, na jino la nne la taya la chini hubaki nje.

Kusini mwa Florida ndipo mahali pekee ambapo aligeta na mamba huishi jirani kwa asili. Mamba wa huko ni wa Amerika, si wa Nile, na wanapishana kwa chumvi: mamba hushika pwani na mikoko, aligeta hushika maji baridi ya bara. Na kana kwamba wenyeji hao wawili hawatoshi, kati ya mwaka 2009 na 2014 walinaswa huko Florida mamba watatu ambao vipimo vya vinasaba vilithibitisha ni wa Nile, wenye nasaba ya kusini mwa Afrika. Bila shaka waliletwa na watu. Atlantiki haivukwi kwa mkia.

Je, wajua kwamba Everglades, ile ardhioevu kubwa ya Florida, kwa kweli ni mto? Ukisimama katikati huoni ukingo wala mkondo, nyasi tu hadi upeo wa macho, tena nyasi zenye kingo kali zinazochana ngozi. Lakini chini ya nyasi maji yanasafiri. Tangu zamani yalimwagika kutoka Ziwa Okeechobee yakaelekea kusini karibu kilomita 160 hadi Ghuba ya Florida, yametandaa kwa upana uliokaribia kilomita 100 na kina kisichofika kiunoni sehemu nyingi. Ardhi imeinama sentimita chache tu kwa kila kilomita, kwa hiyo maji hayana haraka: mita 30 kwa siku si mwendo wa ajabu. Mwaka 1947 mwandishi Marjory Stoneman Douglas alichapisha kitabu kilichowafundisha Wamarekani kuuita Mto wa Nyasi, na Desemba ya mwaka huohuo Rais Harry Truman akaizindua Hifadhi ya Taifa ya Everglades.

Sasa tuingie kisimani.

Mvua za Everglades hunyesha hasa kuanzia Mei hadi Oktoba. Baada ya hapo ni kiangazi, na mto ule mpana hunywea wiki baada ya wiki mpaka sehemu kubwa inabaki tope lililopasuka. Samaki afanye nini? Hana miguu ya kuhama. Je, wajua kwamba wengi wao huokolewa na mnyama anayewala? Maji yanapoanza kupungua, aligeta hujichimbia kisima. Hung'oa mizizi na nyasi kwa kinywa, husukuma tope kwa pua, hukwangua kwa kucha, kisha hupiga mkia huku na huku kulitoa tope pembeni. Mara nyingi huendelea hadi kuugusa mwamba wa chokaa uliolala chini ya Everglades. Kinachobaki ni dimbwi la upana wa mita kadhaa ambalo halikauki, au hukauka mwisho kabisa.

Hamchimbii mtu. Anachimba kwa sababu ngozi yake na joto la mwili wake vinahitaji maji, na kwa sababu mahali pa kujificha ni muhimu hata kwa mwenye meno themanini. Lakini kisima kikishakuwepo, wote wanakuja: samaki wadogo kwa wakubwa, kamba wa maji baridi, vyura, konokono, kobe wa maji, fisi maji, nyoka. Kisha ndege. Yangeyange, kulasitara, kwarara, mbizi na domomwiko husimama kandokando wakidonoa walichokusanyiwa. Mwenye kisima naye hujihudumia, ila hawezi kuwamaliza. Mtambaazi halipi gharama ya kupasha damu joto kila saa kama sisi, hivyo mlo mmoja humfikisha mbali, na siku za baridi, joto likishuka chini ya nyuzi 21 hivi, huacha kula kabisa.

Mvua zikirudi, waliosalimika hutawanyika upya na kuijaza ardhi yote. Bila visima hivyo, kila mwaka Everglades ingeanza na mbegu chache sana za samaki.

Miongoni mwa wanaosalimika yumo gambusia, samaki mdogo kuliko kidole, mla viluwiluwi vya mbu. Ndiye ambaye katika karne ya 20 alisambazwa nchi nyingi duniani, Afrika ikiwemo, kupambana na malaria. Kusini-mashariki mwa Marekani ndiko kwao.

Je, wajua kwamba kisima kimoja kinaweza kutumiwa na aligeta wengi, mmoja baada ya mwingine? Mwenyewe akifa au akifukuzwa, mwingine huingia na kuendelea kufukua. Tope linalotupwa nje kwa miaka mingi hujenga ukingo, ukingo huinuka juu ya maji, na juu yake huota mierebi na mimea mingine isiyoweza kusimama kwenye kinamasi. Mtaalamu wa mimea Frank Craighead aliandika mwaka 1968 kwamba sura ya kusini mwa Everglades haieleweki bila kumtazama aligeta: nani ameota wapi, njia ya maji imepita wapi, wanyama gani wamepona kiangazi. Waliopima baadaye walikuta mimea ya aina nyingi zaidi kando ya visima kuliko kwenye nyasi zinazovizunguka. Ukipita juu kwa ndege unaviona: madoa meusi yaliyozungushiwa kijani katikati ya nyasi za rangi ya majivu.

Tukiwa bado na ndege, wa manyoya safari hii. Je, wajua kwamba yangeyange hujenga viota juu ya kichwa cha aligeta kwa makusudi? Huchagua visiwa vya miti ambavyo chini yake kuna maji na kwenye maji kuna aligeta. Sababu ni rakuni, mnyama mwenye barakoa nyeusi usoni, hodari wa kupanda miti na mlafi wa mayai. Rakuni mmoja akivuka usiku anaweza kuharibu kundi zima la viota. Aligeta akiwepo, rakuni huyo huona bora abaki nchi kavu. Hata kwenye bustani ya mamba ya St. Augustine, kaskazini mwa Florida, ndege wa mwituni hufika wenyewe kila mwaka na kuatamia juu ya kidimbwi cha aligeta waliofungiwa, ingawa wangeweza kwenda popote.

Ulinzi huo una ada. Ndege hawa hutaga mayai mengi kuliko uwezo wao wa kulisha. Kinda dhaifu husukumwa na ndugu zake, huanguka, na chini kuna kinywa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha matokeo ya kuwapima aligeta wanaoishi chini ya viota na wale wanaoishi pasipo viota. Wa chini ya viota walikuwa wamenona zaidi. Mlinzi na mlindwa, kila mmoja ana faida yake, na hakuna aliyempenda mwenzake.

Ukitaka kujua hesabu ya ndege inavyotegemea samaki waliokusanyika, mtazame korongo wa huko, mweupe mwenye kichwa kipara. Hawindi kwa macho. Hutumbukiza mdomo ulio wazi kwenye maji ya tope na kungoja kitu kiguse, kisha huufunga kwa muda wa sekunde moja kugawa kwa arobaini. Mbinu hiyo haifui dafu penye maji mengi na samaki wachache. Inataka dimbwi dogo lililojaa. Na jozi moja yenye makinda huhitaji karibu kilo 200 za samaki kwa msimu. Kiangazi kisipokausha maji kwa taratibu yake, korongo huyo huacha viota na makinda humo humo.

Kiota cha aligeta mwenyewe ni tuta la nyasi, majani na tope, jike hulijenga mwezi Juni na kutaga humo mayai 30 hadi 50. Halali juu yake kama kuku. Majani yakioza hutoa joto, na joto hilo ndilo linaloatamia kwa siku 65 hivi.

Je, wajua kwamba joto hilo ndilo pia linaloamua nani atakuwa dume? Mwaka 1982 Mark Ferguson na Ted Joanen walionyesha kwamba mayai ya aligeta yakikaa kwenye nyuzi 30 au chini yake hutoka majike watupu. Karibu na nyuzi 33 hutoka madume. Na utafiti wa baadaye ukaongeza kwamba joto likipanda zaidi ya hapo majike huanza kurudi. Tuta moja linaweza kuwa na jinsia tofauti juu na chini.

Na tuta hilo lina wapangaji wasiolipa. Kobe mwenye tumbo jekundu wa Florida hupenda kutaga mayai yake ndani ya tuta la aligeta. Anapata joto, anapata mahali pakavu, na anapata mama mkali anayefukuza wezi bila kujua kwamba analinda pia watoto wa mwenzake. Kobe mkubwa ana gamba la kumsaidia wakati wa kuingia na kutoka. Hata hivyo, hiyo ni biashara ya roho ngumu.

Watoto wakiwa tayari hulia wakiwa bado ndani ya yai. Mama husikia, hufukua tuta, huwabeba kinywani kwa upole na kuwapeleka majini. Huwalinda miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, na bado wengi hawafiki utu uzima: kulasitara, rakuni, samaki wakubwa na aligeta wengine huwala. Hili husahaulika. Kabla ya kuwa tishio, aligeta ni chakula, na kwa miaka yake ya kwanza yeye mwenyewe huishi kwa wadudu, konokono na kamba wadogo. Mnyama mmoja hupanda ngazi yote ya walaji, kuanzia chini kabisa hadi juu.

Je, wajua kwamba aligeta hula papa? Kwenye pwani za Georgia na Florida wamethibitishwa kula papa wa aina tatu pamoja na samaki aitwaye taa. Utafiti uliothibitisha hilo ulitoka mwaka 2017. Na hutokea upande wa pili pia, papa mkubwa kumla aligeta. Mfalme wa majini hutegemea nani kati yao ni mrefu siku hiyo.

Cha maana zaidi ni safari yenyewe ya kwenda baharini kula. Aligeta hana tezi za kutoa chumvi mwilini kama alizo nazo mamba, hivyo akishashiba baharini lazima arudi kwenye maji baridi. Katika mto Shark wa Everglades, Adam Rosenblatt na Michael Heithaus waliwafunga baadhi yao vifaa vya kuwafuatilia na kuona wakishuka hadi mlango wa mto kula na kurudi juu, tena na tena. Wanakula kwenye chumvi, wanatoa choo kwenye maji baridi. Fosforasi ni adimu sana Everglades, kiasi kwamba mimea ya asili imezoea njaa yake, kwa hiyo kila kinachobebwa kutoka pwani kina uzito.

Mbegu nazo husafiri. Mwaka 2013 Steven Platt na wenzake walikusanya taarifa za spishi 18 za jamii ya mamba na kukuta 13 kati yake, aligeta akiwemo, zimewahi kula matunda. Si kwa bahati mbaya pamoja na nyama. Wengine huokota tunda kwa makusudi. Kama mbegu huota vizuri baada ya kupita tumboni humo ni swali ambalo wataalamu bado wanalifanyia kazi.

Tuhamie Louisiana, kwenye mdomo wa mto Mississippi, ambako ardhi yenyewe inakufa. Tangu miaka ya 1930 jimbo hilo limepoteza zaidi ya kilomita za mraba 4,800 za pwani yake, kwa mifereji, kwa kingo za mto zilizozuia tope, kwa kuzama kwa ardhi na kupanda kwa bahari. Na kwa meno ya nutria. Huyu ni panya mkubwa wa majini mwenye meno ya rangi ya chungwa, aliyeletwa kutoka Amerika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya manyoya. Hula mimea pamoja na mizizi, na mizizi ikishatoka tope huondoka na maji. Tangu mwaka 2002 serikali hulipa wawindaji kwa kila mkia wa nutria wanaouleta. Je, wajua kwamba aligeta hufanya kazi hiyohiyo bure? Nutria wamo kwenye chakula chake cha kawaida katika vinamasi vya pwani hiyo. Hawezi kuwamaliza peke yake, lakini wakimuogopa tu, basi hapo ni malisho yaliyopona.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southeastern Louisiana walitoa matokeo yanayosema palipo na aligeta wengi, udongo wa juu wa vinamasi vya pwani umehifadhi kaboni zaidi. Maelezo yao ni hayo ya walaji wa majani kupunguzwa. Tusiikimbize habari hiyo kupita mipaka yake: kuonekana pamoja si ushahidi kwamba mmoja amemsababisha mwingine. Lakini mboji ya kinamasi ni ghala kubwa la kaboni, na anayewazuia wabomoaji wa ghala anastahili kupimwa.

Je, wajua kwamba nusura tumkose? Ngozi yake ilishonwa viatu, mikoba na mikanda kwa mamilioni kuanzia karne ya 19. Louisiana ilifunga uwindaji mwaka 1962. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 1969 ikafanya biashara ya ngozi za magendo kati ya jimbo na jimbo kuwa kosa. Mwaka 1987 ikatangaza kwamba amepona kabisa. Leo Florida inakadiriwa kuwa nao milioni 1.3, Louisiana zaidi ya milioni 2. Bado yumo kwenye orodha ya ulinzi, kwa sababu ya kuchekesha kidogo: ngozi yake inafanana na za jamaa zake walio hatarini, na afisa wa forodha hawezi kutarajiwa kujua.

Namna Louisiana ilivyomrudisha ina ubishi wake. Sehemu kubwa ya vinamasi vya pwani huko ni mali ya watu binafsi. Jimbo likaruhusu wafugaji kununua mayai ya mwituni kutoka kwa mwenye ardhi, kuyatotoa, kufuga kwa ajili ya ngozi, na kurudisha mwituni sehemu ya watoto wakishakua kiasi cha kujilinda. Mwenye kinamasi akaona kinamasi kina pesa kikiwa kinamasi, hakukikausha. Wapo wasiopenda kuona mnyama akilindwa kwa njia ya mkoba. Mimi naona hesabu imejibu: bei ya mayai imehifadhi maji mengi kuliko mahubiri.

Lakini kuwa wengi si sawa na kuwa kazini, na hapa ndipo habari ya Everglades inapochachuka.

Karibu nusu ya Everglades ya zamani imegeuzwa mashamba ya miwa na miji. Mwaka 1928 barabara ya Tamiami ilikamilika ikikata mto ule kwa upana wake kama bwawa. Baada ya mafuriko ya 1947, serikali iliidhinisha mwaka 1948 mradi mkubwa wa mifereji, matuta na malango ya maji. Maji yaliyokuwa yakitambaa kwa ratiba ya mawingu yakaanza kwenda kwa ratiba ya wahandisi. Nyanda za pembezoni zenye maji mafupi, ambazo Craighead alizitaja kama makao makuu ya aligeta zamani, zikawa zinakauka mapema mno kila mwaka. Aligeta akafanya ambalo yeyote angefanya: akahamia kwenye mfereji. Mfereji una maji mwaka mzima. Hahitaji kuchimba.

Na asipochimba, hakuna kisima kwenye nyasi. Mfereji hauwezi kuchukua nafasi hiyo. Una kingo za ghafla na kina kirefu, hivyo ndege hawawezi kusimama. Watoto wa aligeta hawana nyasi za kujificha, na madume makubwa hukaa humo humo wakiwala. Wengi wanaopita barabarani Florida huona aligeta kwenye mifereji na kudhani mambo ni shwari.

Je, wajua kwamba aligeta wa Everglades ni wembamba kuliko ndugu zao wa sehemu nyingine, na huchukua miaka mingi zaidi kukomaa? Chakula hakitoshi. Na jike anapojenga tuta Juni, huliinua kwa kipimo cha maji anayoyaona wakati huo. Lango likifunguliwa Julai kumwaga maji ya ziada kutoka juu, mayai huzama, na yai la aligeta likikaa chini ya maji hufa kwa kukosa hewa. Utafiti wa Everglades umeonyesha mafuriko ya viota kuwa moja ya sababu kubwa za mayai kuharibika.

Kwa sababu hiyo, wanaorekebisha Everglades humtumia yeye kama kipimo. Mpango mkuu wa ukarabati ulipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000, ukikadiriwa kugharimu dola bilioni 7.8 na kuchukua zaidi ya miaka 30, na gharama imepanda tangu hapo. Wanasayansi wakiongozwa kwa muda mrefu na Frank Mazzotti huwahesabu aligeta usiku kwa tochi, huwakamata, huwapima urefu na unene, na kuangalia kama visima vina wenyewe. Wakinona, maji yanaenda sawa. Kipande cha barabara ya Tamiami cha kilomita 1.6 kiliinuliwa kuwa daraja mwaka 2013, maji yapite chini. Kingine kirefu zaidi kikafuata mwaka 2019.

Hatari mpya ina magamba pia. Chatu wa Burma, waliofugwa majumbani kisha wakaachiwa au kutoroka, sasa wamezaana kusini mwa Florida. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta rakuni wanaoonekana barabarani wamepungua kwa asilimia 99.3, oposamu kwa asilimia 98.9. Aligeta huwala chatu, na chatu huwala aligeta. Mwaka 2005 ilipigwa picha iliyozunguka dunia nzima: chatu wa karibu mita 4 amepasuka tumbo, na ndani yake aligeta wa karibu mita 1.8. Wote wawili walikuwa wamekufa.

Je, wajua kwamba kuchimba kulekule anakosifiwa aligeta wa Florida ndiko kulikomponza yule wa China? Yeye huchimba mapango marefu ya kulala wakati wa baridi, na katika mkoa wa Anhui mapango hayo hutoboa matuta ya mashamba ya mpunga, maji yakavuja. Juu ya hilo hula bata wa mkulima. Ardhioevu yake iligeuzwa mpunga karibu yote, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliobaki mwituni hawakufika 150. Kituo cha kuwazalisha kilianzishwa Anhui mwaka 1979 na kina maelfu. Tatizo lao si kuzaa, ni pa kwenda.

Na kwetu? Mamba wa Nile hachimbi visima vya aina ya Everglades. Katika Hifadhi ya Katavi, kando ya mto Katuma, mamba hujibana kwenye mapango ya ukingoni wakati wa kiangazi, na mapango hayo humfaa yeye zaidi kuliko samaki. Kazi ya kurutubisha maji huku kwetu imeshikwa na kiboko: katika mto Mara viboko zaidi ya 4,000 hutia mtoni karibu tani 36 za kinyesi kila siku, nyasi za mbugani zilizogeuka chakula cha samaki. Lakini lile patano la kiota lipo. Ndege chekeamwezi wa majini hutaga karibu na kiota cha mamba, na kenge mwizi wa mayai akinyemelea, ndege hupiga kelele na mamba hutoka.

Tumrudie aligeta wa Marekani. Je, wajua kwamba huweza kunaswa na barafu akaishi? Januari 2018, katika kinamasi kimoja cha North Carolina, maji yalipoanza kuganda aligeta waliinua pua juu ya uso wa maji na kuziacha zishikwe na barafu. Wakapumua hivyo mpaka ikayeyuka.

Msomaji uliye Marekani, au unayepanga kwenda kumtembelea ndugu: kisima unaweza kujionea. Nenda Everglades kati ya Desemba na Aprili, maji yakiwa yamepungua na kila kiumbe kimesogea penye dimbwi. Njia ya Anhinga na bonde la Shark ni mahali pa watu wote, hata wenye watoto wadogo. Hifadhi inataka ubaki angalau mita 4.5 kutoka kwa aligeta. Usimtupie mkate wala samaki: ni kosa kisheria Florida, na aligeta aliyezoea kulishwa huacha kumwogopa mtu. Akishalalamikiwa, na urefu wake ukizidi mita 1.2, kwa kawaida hahamishwi. Huuawa.